Filimbi za Shina Bichi

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, nyumba ya Ingerid iligeuka ghala la majani. Mumewe, Halvar, alikuwa mkuu wa tarafa: ndiye aliyekusanya kodi, aliyekamata wezi, aliyewatangazia watu habari za serikali. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Aliichuma, akaikata itoshe kwenye karatasi, akaigandamiza chini ya vitabu vizito vya sheria. Karatasi zile zikilowa lazima zibadilishwe kila asubuhi, la sivyo mimea huota ukungu, na wa kuzibadilisha alikuwa Ingerid. Miaka kumi na mmoja. Mgongo ulimchoka kwa kuinama, mdomo ulimchoka kwa kusema.

Mwaka huo kilichomsemesha ni sumu-ng'ombe, mmea wa bwawani wenye shina lililo wazi ndani kama mrija. Ndama wawili wa jirani waliutafuna, jioni wakawa wamekufa.

"Baba Aslaug," alimwambia mumewe, "watangazie watu Jumapili. Watoto wanacheza kule."

"Nikitangaza watakwenda na majembe waung'oe wote kabla haujachanua. Bila ua, kitabu changu hakijakamilika. Nipe wiki mbili tu."

"Na mtoto je, atakupa hizo wiki mbili?"

"Ah, mke wangu, nani anakula majani? Sisi mbuzi?"

Ingerid akachukua ufagio. Akafagia vipande vya mashina ya sumu-ng'ombe vilivyobaki mezani, akavitupa nyuma ya ghala. Alivitupa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo lililomkosesha raha hadi uzeeni. Mzazi hukaza macho bwawani, kumbe hatari imeshaingia ndani, imekwisha kufagiliwa nje, na mtoto keshaiokota.

Jumapili ya pili, ibada ilipokwisha, watu walisimama nje ya kanisa kama desturi, Halvar akapanda jiwe la matangazo. Farasi mwekundu amepotea. Daraja litatengenezwa, kila nyumba ilete gogo moja. Ingerid akasubiri tangazo la tatu. Badala yake akasikia filimbi.

Aslaug, binti yake wa miaka saba, alikuwa nyuma ya ukuta wa makaburi na wenzake watatu, kila mmoja na filimbi mbichi mdomoni.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nyuma ya ghala. Zipo nyingi, mama. Ukiitafuna ni tamu kama karoti."

Ingerid aliichomoa mdomoni mwa mtoto kwa nguvu hadi ufizi ukatoka damu. Akamtia vidole kooni, uji wote wa shayiri ukatoka. Wale wengine akawapokonya, akawatapisha vilevile. Kisha akamburura mwanawe mpaka mbele ya jiwe.

"Baba Aslaug, sema!"

Halvar aliziona filimbi mkononi mwa mkewe. Akakunja karatasi yake. "Tutazungumza nyumbani," akasema, akashuka.

Basi Ingerid akapanda mwenyewe. Hakuna mwanamke aliyewahi kulikanyaga jiwe lile.

"Haya, mkuu wa tarafa kavaa sketi!" mtu akapayuka. "Mama, tutangazie bei ya siagi!"

"Cheka. Ukimaliza kucheka, kampekue mwanao." Akainua filimbi juu. "Huu ndio ulioua ndama. Umetoka nyumbani kwangu. Ameuleta mume wangu, nimeutupa mimi."

Kicheko kikakatika. Bibi Gro akajishika kichwa. "Jamani! Binti yangu Sigrun katangulia nyumbani, anapuliza kama hiyo hiyo!"

Wanaume wawili wakarukia farasi. Walimkuta Sigrun amelala mlangoni, meno yamekazana. Siku nne hakumtambua mama yake, ndipo akafumbua macho akaomba maziwa.

Mchana ule ule, ingawa Jumapili hakuna anayegusa kazi bondeni kwao, watu walishuka bwawani na majembe. Hawakubakiza hata mzizi. Halvar aliwatazama kutoka dirishani.

Asubuhi yake akaja jikoni. "Ingerid, karatasi zimelowa."

"Nimeona," akajibu. Alikuwa anamsuka Aslaug nywele, polepole, maana mtoto bado kichwa kilimuuma. Akamaliza msuko mmoja, akaanza wa pili.

Karatasi hazikubadilishwa siku hiyo, wala iliyofuata. Kufikia Jumamosi, vitabu vya sheria vilianza kunuka ukungu.