Mimi na Mama Kupaza Kwenye Kibao Cheupe

Usiku wa jana niliota nimepondwa. Sikuumia. Nilikuwa unga wa majani ya dawa ndani ya kinu, na pembeni yangu, unga vilevile, alikuwapo mke wangu Salome, mama Kupaza, tuliyemzika mwaka juzi kule Bumbuli.

"Huyu alikaushwa kivulini," kinu kikasema juu yake. "Nguvu yote ipo. Wewe mzee ulikaushwa juani."

"Nilikuwa barabarani."

"Ndiyo hivyo. Dawa ya juani hufifia."

Tunalowekwa ndani ya spiriti. Tunachujwa kwa kitambaa. Mchuzi wetu ni wa kijani. Faneli wa kioo, yule wa kumiminia, amevaa koti jeupe la maabara, anachovya humo kipande cha karatasi na kukiweka kwenye sahani iliyojaa vijidudu. Vijidudu vinakimbia, vinaacha duara tupu kuizunguka karatasi.

"Wana nguvu," faneli akasema bila furaha. "Sasa nguvu ni ya nani? Watenganishwe."

Sahani ikawa mlima wa kwetu, umepakwa unga mweupe kama kibao cha maabara cha kutenganishia dawa. Tumesimama chini, kwenye mstari wa penseli, tumeshikana mikono. Spiriti inapanda taratibu kutoka bondeni.

"Anayependa kibao atabaki," faneli akatangaza. "Anayependa spiriti atapanda nayo. Hakuna kujadiliana."

Spiriti haijafika hata magotini, nimeshaanza kwenda. Najikaza, nakanyaga kwa visigino, wapi.

"Hata hapa, Baba Kupaza?" mke wangu ananiuliza. "Hata kuaga hakuna?"

"Si mimi. Ni spiriti."

"Zamani ulisingizia basi la asubuhi."

Mkono wake ukaniponyoka. Nikapanda mpaka juu kabisa, kunakokauka, kusiko na mtu. Yeye akabaki doa dogo la manjano palepale kwenye mstari.

Faneli akatupima mmoja mmoja. Niliposhushwa peke yangu kwenye sahani ya vijidudu, kijidudu kimoja kikaniamkia: "Shikamoo babu, tupishe kidogo." Vyote vikanipita kifuani. Mke wangu naye alipowekwa, vikamkalia magotini kama wajukuu.

"Basi ni maji," faneli akasema. "Wote wawili. Tulikosea mwanzoni. Wamwagwe."

Ndoa nzima, imwagwe kama maji ya kuoshea vyombo.

"Turudishe pamoja," nikamwambia. "Utupime tena."

"Kibao hukwanguliwa mara moja tu. Mkishindwa, hakibaki hata cha kuzika."

"Mimi nimeshazikwa," mke wangu akasema kutoka kule chini. "Muulize huyo kama atatulia."

"Nitatulia."

"Hilo nimeshawahi kulisikia," akasema. Lakini akasogea.

Tukakwanguliwa, kila mmoja na unga wake mweupe, tukamiminwa kwenye kikombe kimoja. Alikuwa wa baridi. Hakuniuliza nilikokuwa. Karatasi ikachovywa, ikashushwa, na vijidudu vikaja vingi, vimejipanga safu.

"Usiondoke kabla hatujaona," mke wangu akasema.

Nikaamka kabla hatujaona.

Nilikuwa kwenye chumba cha wageni hapa Makambako, peke yangu, juu ya mkeka sakafuni, kwa kuwa kitanda cha watu hawa kina kunguni. Sisimizi walikuwa wameingia kupitia chini ya mlango. Walijaa sakafu yote, wakapanda ukuta, wakaingia mpaka ndani ya viatu vyangu. Ila kunizunguka palikuwa na duara tupu. Kila sisimizi aliyefika ukingoni aligeuka akarudi.

Nilikuwa nimelala upande mmoja wa duara. Upande wa pili palibaki nafasi ya mtu kulala.

Jua limeshapanda. Mwenye nyumba amegonga mlango, amechoka, ameondoka. Sijainuka.