Fundi Hana Mfupa

Walipotangaza kwamba wote tunaouza samaki na wote wanaovua lazima tukae darasani tufundishwe habari za papa, nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nifundishwe papa. Mtu nimelala na kuamka na shombo la papa mpaka marehemu mke wangu alikuwa ananiambia, geukia ukutani bwana, watoto wana njaa watakung'ata. Na darasa lenyewe, sijui niseme mimi nililiacha au ndilo lililoniacha. Herufi ninazozijua ni za kuandika jina langu, basi. Sasa uzee huu nikakalie kiti cha plastiki na kalamu mkononi kama mtoto wa chekechea.

Lakini tangazo halikuwa na mchezo. Huna cheti, huna leseni. Huna leseni, huna meza sokoni.

Na meza ile nilikuwa nataka kumwachia mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Mwanangu ni dereva wa malori, nyumbani anapita kama mvua ya kiangazi. Mimi magoti yamechoka, kila nikisimama yananiuliza unakwenda wapi. Kwa hiyo mwenye kusimama mezani siku hizi ni yeye mkwe, mimi nakaa pembeni natia maneno. Ana sauti yule binti, akiita wateja mpaka wauza mboga upande wa pili wanageuka. Wenzetu sokoni wakampa jina la Redio. Mimi yeye ananiita Baba. Si baba mkwe, si baba nanii. Baba tu, kama vile alinikuta mlangoni kwao siku anazaliwa.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze neno moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kuna papa anaitwa nyundo. Kichwa chake kimetanuka huku na huku, macho yako nchani, yaani ukimwona unamjua hata kama ni mara ya kwanza. Huyo amekatazwa. Kumvua hairuhusiwi, kumuuza ndiyo kabisa. Lakini wavuvi wanamkata kichwa na mapezi hukohuko majini, akifika sokoni ni gogo tu la nyama, nani atajua. Shida ikabaki kwenye jina. Huwezi kusimama sokoni ukaita nyundo, nyundo, wakati mkaguzi anapita. Basi watu wakajiuliza, mwenye nyundo ni nani? Si ni fundi? Ikawa fundi. Fundi yupo leo? Fundi hajaja. Niwekee kipande cha fundi. Mkaguzi anasikia anadhani tunangoja mtu wa kutengeneza friza.

Mkwe wangu hakuambiwa. Siku zake za kwanza aliniuliza, "Baba, kwa nini huyu anaitwa fundi?"

Nikamwambia, "Kwa sababu amekatwa kifundi, mama. Tazama, hana hata mfupa."

Akacheka, akalipenda. Tangu siku hiyo ikawa ndio wito wake: fundi kaingia, fundi hana mfupa, njooni wenye watoto, njooni wenye mapengo. Wanaume nyuma ya makreti wanaumia mbavu kwa kucheka, yeye anadhani wanafurahia sauti. Na mimi najiambia nitamwambia kesho. Yule ni mtu mteja akisahau mwavuli anamkimbilia nao mpaka getini. Nilijua nikimwambia, meza ile fundi haikanyagi tena. Ndiyo maana kesho yangu haikufika.

Basi tukaenda mafunzoni. Ukumbi wenyewe uko juu ya soko, ghorofani, feni moja inazunguka kwa kusuasua, na picha wanazimulika kwenye shuka iliyotundikwa ukutani. Shuka ina mkunjo katikati, kwa hiyo kila samaki aliyetokea alikuwa na mshono wa tumbo kama aliyefanyiwa upasuaji. Mwalimu ni binti mdogo, amevaa raba, akatuamkia vizuri, "Shikamooni wazazi wangu." Nikasema aa, huyu ana adabu, atatumaliza kwa adabu.

Akaeleza kwamba papa si kama dagaa. Papa anakua polepole, anazaa watoto wachache, na wako wanaobeba mimba muda mrefu kuliko mwanamke.

Bi Chumvi, jirani yangu wa meza, muuza samaki wakavu, akaguna. "Muda wote huo, na hana hata wa kumkanda miguu."

Watu wakacheka. Mkwe wangu alikuwa anaandika tu, kila neno, ulimi ameutoa pembeni. Jioni nyumbani alikuwa ananisomea kale kajitabu walikotupatia kabla ya mafunzo, anasoma kwa sauti, nami naitikia ee, ee, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Ukurasa wa nyundo tulikuwa hatujaufikia. Niseme kweli, kila tukiukaribia mimi nilikuwa nasinzia.

Ndipo Mwalimu akaleta picha ya gogo. Limelala kwenye sakafu ya saruji, halina kichwa, halina mapezi. Akauliza, "Huyu mnamkuta hivi. Nani anamtambua?"

Ukumbi mzima unamjua yule kuliko unavyowajua mashemeji zake. Mmoja anatazama feni, mwingine anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Nahodha, ambaye ndiye hutuletea fundi, akawa anachunguza kucha zake.

Nikaona mkono wa mkwe wangu unapanda. Jamani, ningeweza kukohoa. Ningeweza kuangusha kalamu. Nilikaa.

"Huyo ni fundi, Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake. "Sisi tunamuuza sana pale mezani kwetu. Hana mfupa."

Yule wa kamba ya kiatu akainua kichwa.

"Fundi," Mwalimu akasema. "Ndiye papa gani, kwa jina lake hasa?"

Mkwe akanigeukia huku anatabasamu, amefurahi kunipa nafasi mzee wake nami nijibu swali moja. "Baba, jina lake jingine nani?"

Macho yote yakanijia. Ya Nahodha yalikuwa na kisu ndani. Nami nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Sijui anachosema, Mwalimu. Huyu mgeni kwenye kazi."

Hakukasirika. Bora angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta kidato kimoja hakipo. Mwalimu akabonyeza, ikaja picha nyingine ya samaki yuleyule, safari hii ana kichwa, kile kichwa chenyewe. "Huyu ni nyundo," akasema. "Hauzwi, hapokelewi, hafichwi." Nikamwona mkwe wangu midomo inamtembea bila sauti. Nyundo. Fundi. Nyundo. Fundi. Halafu akasimama mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu. Nimechanganya. Mimi mgeni kwenye kazi."

Maneno yangu yaleyale, ameyaokota chini nilipoyatupa, akayavaa. Watu wakashusha pumzi. Nahodha akasema, "Leo Redio imekosa mawimbi," ukumbi ukaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Kicheko kidogo, cha pembeni ya mdomo, lakini nilicheka.

Mwalimu hakucheka. Akamwambia, "Wewe dada, cheti chako kitasubiri. Kesho tunashuka sokoni kwa vitendo. Nitakuuliza mezani kwako. Nisiporidhika, hutauza."

Wakati wa chai aliniletea kikombe kama siku zote, amekipoza kidogo maana anajua sina meno ya kupambana na moto. Akakiweka mbele yangu.

"Chai yako, Mzee."

Mzee. Mlinzi wa getini ananiita Mzee. Wauza barafu, watu wa kodi, mpaka mbwa angeweza kusema angeniita Mzee. Nilikunywa ile chai sikujua ina sukari au haina.

Jioni alikitoa kijitabu, akasoma peke yake, mdomo umefungwa. Nilikaa pale kusubiri aanze. Hakuanza. Nilitaka kusema jambo, nikasema taa inapepesa. Akasema, "Ndiyo, Mzee, inapepesa." Na taa ilikuwa haipepesi.

Sasa mtadhani nilijifunza. Sikio la kufa, wenzangu. Asubuhi ile ya vitendo Nahodha alishuka na fundi, na mimi nikampokea. Mpishi wa hoteli alikuwa ameshaagiza tangu juzi, nikajipa moyo kwamba atakuja mapema, atachukua, atakwenda, Mwalimu atakapofika atakuta samaki wa ruhusa tu, changu na kolekole, wanalala kwa amani. Mkwe alikuwa bombani anaosha ndoo. Nikamlaza fundi chini kabisa ya sanduku, juu yake changu, juu ya changu barafu, nikaketi juu ya kifuniko. Nilijiona mjanja.

Mpishi hakuja. Akaja Mwalimu, na darasa zima nyuma yake kama bata.

Akasimama mezani kwetu akamuuliza mkwe wangu. Nyundo akiingia wavuni mzima? "Anarudishwa majini upesi, bila kuumizwa." Akikutwa amekufa? "Anaripotiwa, haletwi sokoni." Na kasa? "Vilevile, hata awe mdogo." Ukiletewa gogo lisilo na kichwa? Hapo akafuta mikono kwenye aproni. "Silipokei," akasema. "Hata akileta nani."

Mwalimu akatabasamu, akatoa kalamu mfukoni. Nikasema moyoni, tumevuka.

"Pisheni jamani, pisheni, nina watu wanangoja kula." Mpishi huyo, aproni yake nyeupe, anapenya katikati ya darasa na kikapu. "Redio mama, fundi wangu yupo?"

Bi Chumvi akakohoa, lakini maji yalishamwagika. Mwalimu akageuka polepole.

"Fundi gani?"

"Si yule asiye na..." Mpishi akaona kitambulisho kifuani kwa Mwalimu. Akaanza kuitazama ndoo yetu ya magamba kwa mapenzi makubwa sana.

Mkwe wangu akanitazama. Akaangalia sanduku nililokalia. Akanitazama tena, na nikaona amejua. Halafu nikamwona anavuta pumzi, anafungua mdomo. Naujua ule mdomo. Alikuwa anakwenda kusema fundi wa friza, au fundi wa mizani, lolote. Alikuwa anakwenda kunisitiri mara ya pili. Siku zote zile mezani nilimtumia kuuza uongo hajui. Leo angeutoa anajua, mtu asiyeweza kulala na mwavuli wa mwenzake, na ungekuwa mali yangu huo uongo.

"Nyamaza, mama," nikasema.

Ningependa niwaambie nilisema kiume. Sauti ilitoka kama panya aliye ndani ya debe. "Fundi ni nyundo, Mwalimu. Soko zima tunamwita hivyo. Yumo humu nilipokaa. Nimempokea mimi, huyu alikuwa bombani. Na jana alichosema hakujua. Sisi tulijua, yeye hakuambiwa. Sikumwambia mimi."

Nikajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Yeye ndiye aliyenishika mkono akaniinua, na yeye ndiye aliyefungua kifuniko, akaondoa barafu, akaondoa changu mmoja mmoja akiwapanga vizuri, mpaka gogo likaonekana.

Nahodha ndiye aliyeanza. "Mzee, umetuuza."

Siku nyingine ningemjibu kwamba kuuza ndiyo kazi yangu. Siku ile nilianza kutafuta leseni mfukoni.

Fundi alibebwa kwenye toroli, amefunikwa gunia. Leseni yangu ikachukuliwa, nikaambiwa nisiguse mizani mpaka nirudie mafunzo mwanzo mpaka mwisho. Nahodha naye aliitwa ghorofani, na baada yake wavuvi wengine. Mkwe wangu akapewa cheti, jina lake lote limeandikwa, na meza ikaandikwa jina lake yeye. Hakushangilia. Alikikunja akakitia ndani ya aproni, akarudi kupima kolekole.

Mimi sasa ni mparuzi wa magamba. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu na ubao, chini ya meza iliyokuwa yangu. Wavuvi wakipita wananiruka kama dimbwi. Bi Chumvi ndiye pekee anayenisemesha, na yeye ananisemesha ili asipitwe na habari. Mpishi anakwenda meza za mbali. Ule wito wa fundi hana mfupa haukusikika tena, mkwe aliuza kimya, na meza isiyo na sauti, wenzangu, ni kama msiba. Chai alikuwa ananiletea, imepoa sawasawa. Chai yako, Mzee. Asante, mama. Basi.

Hata juzi hapa, asubuhi watu walikuwa wengi, wanasukumana, mmoja anataka changu, mwingine analalamika barafu imepimwa pamoja na samaki. Mimi nimesogea na ndoo yangu bila kujua, kichwa kimeingia karibu na mizani. Mkwe mikono yote imejaa samaki, jasho linamtoka, hakuniangalia hata.

"Baba, sogea, unaziba mizani."

Nikasogea. Nilisogea mpaka nikakaribia kutumbukia mtaroni. Nikainamisha kichwa nikaparua changu yule ambaye nilikuwa nimeshamparua.

Bi Chumvi akachungulia. "Una nini machoni?"

"Gamba," nikamwambia.