Kompyuta Iliyowaka Saa ya Chakula

Esteria alikuwa na ugonjwa mmoja: jambo asilolielewa lilimnyima usingizi. Ndiyo maana Bwana Kassiani, katibu wa chama cha warina asali pale Mpanda, alipotangaza kwamba kompyuta ikikutwa imewaka tena mlinzi anafungasha virago, Esteria alimhurumia mlinzi, ndiyo, lakini udadisi nao ukamshika pabaya.

"Nyie mnanichezea," bosi alifoka. "Saa saba naifunga ofisi mwenyewe. Ufunguo wa pili anao Luhende. Nikirudi saa nane, mashine inanguruma. Nani kaiwasha, mimi?"

"Bosi, hiyo kitu hata kuishika naogopa," alijitetea mzee Luhende, koti lake la ulinzi likiwa limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, na kompyuta ilikuwa na miezi minne tu tangu ifike. Esteria, karani aliyepiga chapa kwa taipureta miaka kumi na moja, ndiye pekee aliyeizoea.

Jumatatu, kabla ya chakula, aliizima, akanyunyiza poda yake kwenye vibonye vyote, hadi kile cha kuwashia. Saa nane wakaikuta inawaka, na poda haijaguswa.

"Hakuna kidole kilichopita hapa, bosi."

"Katumia kijiti," alisema Bwana Kassiani. Kijiti, jamani! Mtu akishaamua, ameamua.

Jumanne Esteria akashuku umeme, maana umeme wa Mpanda siku hizo ulikuja na kuondoka utakavyo. Akazima swichi kubwa ya ukutani, akaiwasha, akarudia mara tatu. Mashine kimya. Jumatano nayo ikapita salama. Alhamisi akamfuata bosi.

"Nifungie humo ndani saa ya chakula. Na ufunguo wa mzee kaa nao wewe."

"Utakula saa ngapi?"

"Chakula hakikimbii."

Akakaa kwenye stuli, macho kwenye mashine iliyozimwa. Saa saba na nusu simu ya mezani ikalia. Simu yenyewe ilikuwa na kikufuli kwenye kile kiduara cha kuzungushia namba, na ufunguo wake hautoki mfukoni mwa bosi. Kupokea unaweza, kupiga sahau. Mlio wa kwanza tu, kompyuta ikafanya tii! Feni ikazunguka, kioo kikang'aa. Mlio wa pili. Wa tatu. Kimya.

Esteria nusura apige vigelegele. Waya wa simu! Fundi aliyekuja kuifunga kompyuta alipitisha waya wa simu nyuma yake, akasema siku moja itapokea faksi za wanunuzi wa nta. Faksi haijaja hata moja, lakini mashine ilikuwa ikisikia simu inaita na kuamka ili ipokee.

Furaha haikudumu, maana milio ile mitatu aliijua. Ilikuwa ya Dorice, binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi Tabora. Jumatatu na Alhamisi Dorice aliingia kwenye kibanda cha simu, akaacha iite mara tatu, akakata kabla kadi haijaliwa. Esteria, akila barazani karibu na dirisha, alihesabu milio, akasema moyoni, mwanangu mzima, akaendelea na ugali wake. Tangu Januari hawajasikiana sauti. Na bosi alikwishaapa: atakayegawa namba ya ofisi kwa ndugu zake, kazi hana.

Alitamani kunyamaza, tusidanganyane. Angeizima tu na kusema haikuwaka. Lakini Jumatatu ingewaka tena, na kule nje, kupitia dirishani, alimwona mzee Luhende ameshalivua koti la ulinzi na kulikunja vizuri, tayari kulikabidhi. Esteria akaona aibu.

Bosi alipofungua mlango, akamwambia, "Inawashwa na simu. Na anayepiga ni mwanangu."

"Mwanao yuko Tabora, awashe mashine Mpanda? Njaa hiyo, mama."

"Atapiga tena Jumatatu. Njoo uone."

"Nitakuja. Ikiwa uongo, mnatoka wote wawili. Ikiwa kweli, unatoka peke yako."

Jumatatu, saa saba na nusu, wote watatu walikuwa ndani. Simu ikalia. Tii!

"Lo! Mmeona wenyewe!" Luhende akapiga makofi. "Mmeona!"

Bwana Kassiani, kwa hasira ya kushindwa, akaukwapua mkono wa simu. "Nani wewe?"

Sauti nyembamba ikasikika chumba kizima. "Shikamoo, baba. Samahani, sikujua kama kuna mtu. Nilikuwa namsalimia mama tu, asiwe na wasiwasi. Nakata sasa hivi."

"Marahaba," alisema Bwana Kassiani. Akashusha sauti. "Usikate." Akamgeukia Esteria. "Shika. Haraka, kadi ya mtoto inaliwa. Na mwambie siku nyingine asubiri upokee."

Esteria alikuwa na maneno ya miezi minane kifuani. Aliposhika simu, yote yakamkimbia.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama. Na wewe?"

"Bado, mwanangu," alisema Esteria, akalia mbele yao wote.