Mvua ya Kampuni

Fundi cherehani alikuwa ameinama chumbani kwake, akichota maji kwa beseni, aliposikia gari likisimama nje. Hayakuwa maji matupu. Mvua ilikuwa imefurisha vyoo vya mtaa mzima, na sare za shule alizokwisha kushona zilielea katikati ya vinyesi vya majirani. Alikuwa ametapika mpaka tumbo likakosa cha kutoa.

Wakaingia watu wawili: mdogo wake, rubani wa kampuni ya kutengeneza mvua, na msemaji wa kampuni hiyo, leso puani. Nje wafanyakazi walikuwa wakishusha miamvuli mipya iliyoandikwa “Mvua ni Neema.”

“Pole sana, mama,” msemaji alisema, akimnyooshea mwamvuli mmoja. “Hebu tabasamu kidogo, tupige picha.”

Fundi hakuupokea. “Jana si mlijisifu redioni kwamba mmeileta mvua ijaze bwawa lenu?”

“Ile ya bwawani tuliileta sisi. Hii iliyozidi ni kazi ya Mungu.”

Fundi alitema mate, akamgeukia mdogo wake. “Na wewe umekuja kunipa mwamvuli?”

Rubani alikuwa akitazama viatu vyake, vilivyozama kwenye uchafu. “Dada, mawingu yalikuwa yameshiba. Niliwaambia wakubwa tukiyafukizia ule moshi wetu wa chumvi, yatamwagika huku mabondeni. Wakasema nipae tu.”

“Ukapaa.”

“Nikapaa.”

“Basi msiseme mmetunyeshea mvua,” fundi alisema. “Mmetunyea.”

Majirani waliojazana mlangoni waliangua kicheko kisicho na furaha hata chembe. Msemaji akakimbilia garini huku akimwita rubani. Rubani hakwenda. Alivua shati lake jeupe la kazi, akakunja suruali, akashika beleshi. Kabla jua halijawa kali, simu ikaita: kazi hana.

Dada yake hakumpa pole wala asante. Alimwonyesha kona iliyonuka kuliko zote, kisha akatoka nje kuvuta pumzi. Huko majirani walikuwa wakizibua mtaro kwa miamvuli ya kampuni. Juu ya bwawa wingu jingine lilikuwa linajikusanya, na ndege ilikuwa tayari imepaa kulifuata, ikiendeshwa na rubani mwingine.