Nati za Boza la Maji

Gereji ilipofunguliwa asubuhi hiyo, baba mdogo alimwita fundi wa magurudumu ofisini, akamtuma duka la vifaa akachague mashine ya kufungulia nati, ile ya betri isiyotaka waya wala mpira wa upepo. Kompresa ilikuwa imekufa tangu juma lililopita. Na boza la maji, lori lenye tangi, lililolala nyuma ya gereji miaka nenda miaka rudi lilikuwa limepata mnunuzi wa vyuma chakavu, ila magurudumu yake yalikuwa yamegoma kutoka. Fundi alikwisha kuyajaribu kwa wili spana, kisha kwa wili spana iliyoongezwa bomba, kisha kwa kupanda juu ya bomba lenyewe na kurukaruka. Nati hazikutikisika. Alichopata ni mkono wa kulia uliokufa ganzi, hata kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili kama mtoto.

"Chagua yenye nguvu," alisema baba mdogo. "Na isiwe na kelele. Kichwa changu siku hizi hakitaki kelele."

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno, mwenye mafuta meusi chini ya kucha ambayo hayakutoka hata siku ya harusi yake. Gereji iliachwa na marehemu baba yake. Mzee alipofariki, mali ilibaki kwa baba mdogo na kazi ikabaki kwa watoto wa marehemu, yaani yeye na kaka yake. Kaka ndiye aliyekuwa fundi mkuu, na ndiye aliyemfundisha yote anayoyajua.

Kisha boza likaleta balaa. Lilitoka gereji mchana mmoja, na kwenye mteremko wa kwanza gurudumu la mbele kushoto likachomoka, likatangulia peke yake barabarani. Dereva, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye boza, alifia palepale. Ikasemwa kwamba fundi mkuu hakukaza nati. Kaka alisema alizikaza, lakini hakuwa na shahidi. Baba mdogo alimwachisha kazi siku ya mazishi, udongo wa makaburini ukiwa bado kwenye viatu vyake.

Tangu siku hiyo kaka hakukaza kitu chochote tena. Shati lake lilikuwa wazi kifuani masika na kiangazi. Kamba za viatu zilimfuata nyuma. Nyumbani kwake bomba lilidondoka mchana kutwa, mitungi ya sukari ilikaa bila vifuniko, na siafu walijua njia. Watoto wa dada yake walikuja kumfunga vifungo, naye akawaacha wafunge, halafu wakishaondoka akavifungua tena. Majirani walikuwa wamezoea. Waliokuwa na haraka walimsalimia kwa kumwonyesha kidole viatuni, naye akawaitikia.

Muuza vifaa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyounganishwa kwa uzi. Katikati ya duka alikuwa na gurudumu lililofungwa kwenye nguzo ya chuma, ili mteja ajaribu kabla ya kununua. Alimpa fundi mashine ya kwanza, ndogo, nzuri kwa macho. Ililia kidogo kwenye nati, ikanyamaza.

"Hiyo ni ya makabati," alisema muuza vifaa. "Nimekupa ili uijue, usije ukauziwa kwingine."

Ya pili ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala begani. Fundi aliinyanyua, mkono ukamuuma mpaka kwenye kiwiko. Alipobonyeza, nati haikufunguka, bolti yenyewe ilikatika, kichwa kikaruka na kutua kwenye ndoo ya misumari.

"Nguvu inayo," alisema muuza vifaa. "Na haitoi siri. Watu wa malori wanaipenda."

"Na hiyo nyingine?"

Muuza vifaa aliishusha ya tatu kutoka rafu ya juu, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Hii ndiyo ningekushauri. Kichwa ni nusu inchi, inatosha gari dogo na hata lori la wastani. Nguvu waliyoandika kwenye boksi ni ya kufungulia, ya kukazia ni ndogo kuliko hiyo, watu huwa hawasomi. Ina kasi tatu. Betri inadumu. Uzito wa wastani. Ila nati zikifunguliwa nayo zinasema."

"Zinasema nini?"

"Alichokuwa akisema yule aliyezikaza mara ya mwisho. Hata kama alikisema moyoni."

Fundi aliishika. Ilikaa mkononi vizuri, mpini wake ulikuwa na mpira usioteleza. Aliielekeza kwenye nati ya nguzo, akabonyeza. Nati ikatoka laini, na ilipotua kiganjani ikasema kwa sauti ya muuza vifaa, "Dawa ya mama nimeiacha juu ya friji."

Muuza vifaa alitoa simu, akapiga nyumbani, akasema dawa iko juu ya friji. Kisha akarudi kwenye biashara. "Aliyeinunua kabla yako aliirudisha. Alikuwa na mke mmoja anayejulikana na mwingine asiyejulikana. Wewe je?"

Fundi aliipima tena ile ya pili, akairudisha mezani. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mkono wake. Alichukua ya tatu.

"Kukaza usimalize nayo," alisema muuza vifaa akiifunga kwenye boksi. "Malizia kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza."

"Najua. Kaka yangu alinifundisha."

Aliporudi gereji alianza na gari dogo la mwalimu, lililokuwa linasubiri kuzibwa pancha. Nati ya kwanza ilisema kwa sauti ya mume wa mwalimu, "Nitamwambia Jumamosi." Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na rundo la madaftari, aliinua kichwa akauliza, "Jumamosi ipi?" Nati haikujibu, kwa maana nati husema mara moja tu. Mwalimu alirudi kusahihisha madaftari, lakini kalamu nyekundu ilikaa muda mrefu juu ya mstari uleule.

Baba mdogo alitoka ofisini.

"Inasema?"

"Inasema."

"Nilikwambia isiwe na kelele."

"Yenyewe haina kelele, baba mdogo. Nati ndizo zinazosema."

Baba mdogo aliitazama mashine, kisha akatazama kule nyuma, boza liliko. Alijikuna shingo. "Boza tulikate kwa gesi," alisema. "Nati zote tuzichome. Ni upesi zaidi."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kufika pamoja na mjane wa dereva, aliyekuja kuuza. Mnunuzi alisema rimu anazitaka nzima, akichomewa rimu basi yeye na boza wameachana. Baba mdogo alisema gesi haichomi rimu ikishikwa na mtu anayejua. Mnunuzi alisema wanaojua wote walikwisha kumchomea rimu. Wote wawili wakamtazama mjane.

Mjane alikuwa amesimama karibu na tangi, mkono mmoja juu ya kutu. "Fungueni tu," alisema. "Ndiyo kazi yenu."

Fundi alianza na magurudumu ya nyuma. Nati zilizogoma chini ya bomba na uzito wake wote zilitoka kama zilikuwa zikingoja kuombwa kwa adabu. Nazo zilisema kwa sauti ya kaka yake, sauti ya zamani, ya mtu aliyekula vizuri na kulala vizuri. "Juu. Chini. Sasa kulia. Sasa kushoto. Hii imekaa. Rudia." Iliyofuata ikasema, "Huyu ana mtoto mchanga nyumbani. Rudia tena."

"Mtoto huyo sasa ananipita kwa kimo," alisema mjane.

Fundi aliendelea kufungua. Nati moja ya nyuma aliiacha mahali pake. Kisha akazunguka, akapiga magoti mbele upande wa kulia, upande ambao gurudumu halikuchomoka na ambao nati zake hazikufunguliwa tangu ajali.

Nati ya kwanza ilisema kwa sauti ya baba mdogo, "Tairi mpya kama hizi zinafaa kwenye lori langu."

Ya pili ilisema, "Za zamani zitamfikisha. Kwake si mbali."

Ya tatu ilisema, "Kijana amekwenda kula. Hatajua."

Nyingine zilikuwa zimeshikwa kwa kutu tu, hazikuwa zimekazwa zaidi ya nguvu ya vidole. Zote zilisema jambo moja, "Mwenye boza anapiga honi. Basi, hiyo inatosha."

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliziokota moja moja, akazitia kwenye kopo. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na madaftari yake. Baba mdogo alitoa leso, akajifuta uso.

"Siku ile kulikuwa na joto sana," alisema.

"Sauti yako haijabadilika," alisema mjane. "Na lile lori bado unalo?"

"Bado."

"Na zile tairi?"

"Zimelika upande mmoja," alisema baba mdogo. "Zinataka kuhamishwa."

Mjane aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia, akaenda ofisini kukamilisha mauzo.

Alasiri fundi alimfuata kaka yake nyumbani. Alimkuta ameketi kizingitini, mlango wazi mgongoni mwake, bomba likidondoka ndani. Alimweleza yote bila kupamba. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Tairi mpya," alisema. "Mimi nilidhani labda nilisahau. Kila siku nilikuwa nalifunga lile gurudumu upya kichwani, nikifika nati ya mwisho sioni mkono wangu."

Walirudi pamoja gereji, kaka akiburuta kamba za viatu. Fundi alimpa mashine, naye akakataa kuishika, akainama tu kando yake. Fundi akaifungua ile nati aliyoiacha. Ilisema kwa sauti ya kaka, "Hii imekaa. Zote zimekaa. Sasa naenda kula."

Kaka aliweka mikono magotini.

"Nilikuwa na sauti nzuri," alisema.

Mjane alikwenda kituo cha polisi na kopo la nati. Ofisa wa zamu alimpa kiti. Alisema anamwamini, kwa sababu hata kwake kuna bawaba ya mlango inayomtaja mkwewe, lakini nati zilizokwisha kusema haziwezi kusema tena mbele yake, na zisiposema hana cha kuandika. Mnunuzi na mwalimu walitaka kuwa mashahidi. Ofisa aliwauliza kama walimwona mwenye gereji akizikaza. Walisema walimsikia tu. Ofisa alimsindikiza mjane mpaka mlangoni na kumbebea kopo.

Nyumbani kulikaliwa kikao. Shangazi, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyesema. Alisema kilichosemwa kimesikika, na baba mdogo ni baba, na watu wa damu moja hawapelekani mbele za watu. Baba mdogo alikubaliana naye. Aliulizwa kama kaka atarudishwa kazini. Alisema angependa, lakini wateja wamekwisha kuzoea kumwogopa, na yeye hawezi kuwalazimisha wateja. Fundi alisema basi awaeleze wateja. Shangazi alimwambia, "Mwanangu, usiwe mkali," akageuza mazungumzo kwenye paa linalovuja.

Mashine ilibaki gereji. Baba mdogo alikiri kwamba ni nzuri, betri inakwenda kutwa nzima, na kazi ya magurudumu haijawahi kuwa nyepesi hivyo. Wateja walizoea. Baadhi walijifunza kutembea mpaka ng'ambo ya barabara nati zao zikifunguliwa. Wachache walikuja makusudi na waume zao. Baba mdogo mwenyewe, akishika spana, alianza kuvuma wimbo usio na maneno kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho, na mafundi wengine wa mji wakawa wanasema kwamba gari likitoka kwake, ukilifungua kwa mashine ya aina ile, linavuma tu.

Kaka alikuja mara mojamoja kumletea dada yake chakula cha mchana, bakuli halina kifuniko, mchuzi umemwagika njiani. Alikaa kwenye benchi na kusikiliza. Hakuomba kazi.

Siku moja baba mdogo alileta lori lake, akasema tairi za mbele zihamishiwe nyuma, maana zinazidi kulika. Alimkabidhi fundi ufunguo, akaingia ofisini, akafunga mlango na kuongeza sauti ya redio. Fundi alizifungua. Nati zilisema kwa sauti ya baba mdogo, iliyoridhika, "Zimeingia sawasawa. Kama nilizinunua mwenyewe." Fundi alihamisha tairi, akakaza nati kwa vidole kwanza, kisha kwa mashine kwa kasi ndogo, kisha kwa spana ya kupimia. Juu, chini, kulia, kushoto. Na katika kila nati, akiikaza, alisema polepole bila kukasirika, "Tairi hizi ni za marehemu mwenye boza. Baba mdogo ndiye aliyezitoa. Kaka yangu alikaza zake." Alirudia kila moja mara ya pili, kama alivyofundishwa.

Lori liliondoka likiwa limefungwa barabara. Baba mdogo hamwamini mtu mwingine kwa lori lake, kwa hiyo haliendi gereji nyingine. Kila linapotaka kuhamishwa tairi linarudi kwa fundi huyohuyo, naye huzifungua nati, akazisikiliza zote zikisema kwa sauti yake mwenyewe mpaka ya mwisho, kisha huzikaza tena na kuyarudisha maneno yaleyale mahali pake.