Nembo ya Bibi Ilisapeci

Uongo wenyewe, jamani, ulikuwa mfupi. Torika aliutamka akiwa amepiga magoti mkekani, mwiba wa mlimau mkononi, na bibi yake Ilisapeci kalala kifudifudi mbele yake, kiuno wazi, macho hayaoni tena, umri miaka tisini na ushee.

Bibi hakuogopa kufa. Aliogopa wanawake wa ukoo wake waliomtangulia. Wote walikwenda na veiqia, nembo za kiunoni alizogongwa kila binti kwa mwiba na masizi akivunja ungo, mpaka kanisa lilipozipiga marufuku. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukua na ngozi tupu. Na mwanamke mtupu akifika kwa wafu hukimbizwa, akakwanguliwa kwa makombe ya chaza. Alisema anawasikia tayari, mchana kweupe, nyuma ya jiko, wakiyanoa. Siku ya kwanza Torika alicheka. Siku nyingine akasikia kweli kitu kinakwaruza, na hakutoka kwenda kutazama.

Sasa nani wa kumsaidia kama si mjukuu? Torika alikuwa mchoraji huko mjini Suva. Alikuwa amehangaika na habari za nembo hizo miaka na miaka, akajifunza kuchoma utomvu wa mti wa dakua apate masizi, akajifunza kugonga mwiba kwa kirungu. Lakini kijijini kwao, huko milimani, hakubaki hata mzee mmoja aliyeukumbuka mchoro wao. Aliokuwa nao yeye aliunakili kutoka karatasi kuukuu, katika ghala la makumbusho ng'ambo, na kibandiko chake kilisema Fiji, basi. Fiji ipi, na visiwa vyote hivi? Kila ukoo ulikuwa na wake, na hilo Torika alilijua kuliko mtu yeyote.

"Ni ya kwetu hii, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza. "Mama yangu ataitambua?"

Uso aliomgeuzia ulijaa furaha ya kitoto, na Torika akashindwa.

"Ya kwetu, Bibi."

Akagonga. Bibi hakulia. Alimtania kwamba mkono wake mwepesi kama wa mtu anayeogopa kuku, agonge basi, yeye si yai. Mwisho akamtia vidoa pembeni mwa mdomo, alama ya mwanamke aliyekwisha kugongwa, na Bibi akaomba magimbi ya kuchemsha, akala akashiba. Vidonda vilipopona, alifariki usingizini. Alikuwa ameahidi kwamba akishazikwa atamjia Torika ndotoni, amweleze walivyompokea. Torika alimngoja usiku baada ya usiku, hata akawa analala mapema makusudi. Bibi hakuja.

Mwaka ulipogeuka, Torika aliutundika mchoro uleule kwenye maonyesho Suva, juu ya kitambaa cha gome la mti. Akaja mwanamke mmoja wa Rewa, kule kwenye mikoko, jina lake Losalini. Alisimama mbele ya kitambaa akalia machozi. Akasema hiyo ndiyo nembo ya mama wa bibi yake. Bibi huyo aliisuka pembeni mwa kila mkeka wake ili isipotee, na mikeka ipo nyumbani mpaka leo. Torika akakaa chini palepale sakafuni.

Losalini naye akakaa, akamshika mkono, akidhani ni furaha. Kisha akashusha sauti. Alikuwa na jambo la kumuuliza, kwa kuwa Torika ni msomi wa mambo haya.

"Tangu mwaka jana kuna bikizee ananijia ndotoni. Dada yangu naye anamwona. Ana nembo yetu, ila hatumjui, na anaongea kama watu wa milimani. Amekaa katikati ya bibi zetu, wamempa chakula lakini hakigusi."

Torika aliuliza anataka nini.

"Anamwita mama yake," Losalini alisema. "Kila akiinuka aende kumtafuta, bibi zetu wanamvuta chini. Wanamwambia mama zake ndio wao."