Kabati Linalopumua

Jemutai alipiga magoti, akabandika sikio kwenye mlango wa kabati kama mkunga anayesikiliza tumbo. Ndani mlikuwa na pumzi tu, ndefu, laini, isiyokwaruza. Akatabasamu. Akavaa hedifoni, akaisikiliza tena rekodi aliyoifanya alfajiri, na tabasamu likamponyoka.

"Karibu mkulima," sauti yake mwenyewe ilimwambia. "Leo tuzungumze kuhusu ugonjwa wa viazi." Na chini ya viazi, mbali, kulikuwa na kitu. Kilikuwa kama mtu anayesukutua kinywa katika chumba cha pili. Kilinguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena.

"Ni wewe?" aliliuliza kabati.

Mtoto wake, Kemboi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akitafuna kijiko cha plastiki, alidhani anaulizwa yeye, akacheka.

Wale watu wa Nairobi waliokuwa wakitafuta msomaji wa masomo ya wakulima walikuwa wamemwandikia maneno mafupi. Sauti yako ni nzuri, lakini kuna mngurumo nyuma. Tuma tena kufikia Ijumaa jioni, la sivyo masomo yote atapewa msomaji mwingine. Masomo yenyewe yalikuwa ya msimu mzima: viazi, kabeji, maziwa, ng'ombe wenye kikohozi, na wakulima wangeyasikiliza kwa simu zao wakiwa shambani. Kazi ambayo mtu angeifanya akiwa nyumbani kwake mtaani Section 58, mtoto akiwa miguuni. Jemutai hakuwahi kuomba kitu kingine kwa nguvu namna hiyo. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Kompyuta aliinunua mjini, kwa wale wanaouza mashine zilizochoka kwa kazi za maofisi. Ilikuwa CPU kubwa ya kijivu, na siku ya kwanza alipoiwasha ililia kama posho mill inayosaga mahindi. Siku ya pili ilizimika katikati ya neno. Alipoigusa ubavuni, ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa, naye akajikuta anaipepea kwa kanga.

Mumewe, Kipyegon, anayechimba ardhi nyeupe ya unga kwenye mgodi wa Kariandusi na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, ndiye aliyefungua skrubu kwa ncha ya kisu cha mezani. Ndani mlikuwa mweupe kama mfuko wa unga. Vumbi lilikuwa limejaza kila upenyo wa kile chuma kinachopoza.

"Haki hii ni mimi," alisema akicheka. "Nimeingia kwa mashine yako na miguu yote miwili."

Tangu hapo alikuwa akikung'uta nguo zake nje kabla ya kukanyaga mlangoni. Jemutai naye akaanza kazi. Alisafisha vumbi kwa brashi laini ya kuchania nywele za mtoto. Akavisha tundu la kuingiza hewa soksi zake ndefu za kike, zile nyembamba, ili vumbi libaki nje. Akakata sapatu kuukuu na kuiwekea mashine viatu vya mpira, isitetemeshe sakafu. Diski, ambayo ndiyo ilikuwa ikikoroma zaidi, akaining'iniza kwa lastiki ya suruali, ikawa inaning'inia kama mtoto ndani ya mbeleko. Mwishowe akatoa sufuria zote kabatini, akaiingiza CPU humo, akapachika nyuma feni aliyoichomoa kwenye mashine iliyokufa, na kuunganisha makopo ya maziwa ya unga yakawa bomba la kupitisha joto hadi kwenye tundu la ukuta, hadi nje, kwenye koridoo.

"Joto halifukuzwi," mwalimu aliyemfunza kompyuta jioni alikuwa akipenda kusema. "Joto linaonyeshwa mlango."

Kilichobaki kilikuwa sauti, na sauti ilimezwa na trei za mayai. Alizipanga kwenye kuta za kabati, mbali na makopo ya moto, na kila mara alizigusa kwa shavu kuhakikisha hazijapata joto. Hakutoka nyumbani hata siku moja akaiacha ikiwaka. Trei alipewa na jirani wa ukuta mmoja, Umaima, mama Rumaisa, anayechemsha mayai ya kuwauzia wachuuzi.

"Chukua zote, Mama Kemboi," Umaima alimwambia. "Kwangu zinaleta mende tu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ndiye aliyekuwa akimchukua Kemboi wakati wa kurekodi, akimbeba mgongoni huku jiko lake la makaa likikaa nje ya mlango, sufuria juu, kifuniko juu ya sufuria.

Sasa Jemutai alifungua kabati na kuanza tena upya. Alishika feni kwa kidole, ikasimama. Akashika diski. Akakaza lastiki. Kama si feni, kama si diski, basi ni nini? Alianza kuishuku mashine jinsi mke anavyomshuku mume anayetabasamia simu.

Mlango ukagongwa.

"Mama Kemboi! Hebu fungua."

Ilikuwa sauti ya mzee Obeid, keateka wa plot, msimamizi wa nyumba zile za kupanga. Nyuma yake alisimama Wangare, msusi anayesukia watu koridoo, kitana kimechomekwa nyweleni, na mteja wake Fancy wa nyumba ya mwisho, kichwa kimesukwa nusu. Umaima alikuwa nyuma yao wote, mtandio umeshuka mabegani.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Si nzuri. Tokeni karibu ziishe tena, na juzi tu tumeweka. Hii plot iko na mtu anakunywa stima na mrija."

Nyumba zote za koridoo ile zilitumia mita moja ya stima, inayolishwa kwa tokeni za kulipia kabla, na sheria ya mzee Obeid ilikuwa imebandikwa getini: hakuna koili ya stima ya kupikia, hakuna friji, pasi ni Jumapili peke yake.

"Mimi niko na ushahidi," Wangare alisema. "Hii tundu yako, mathe, inatoa joto mchana kutwa. Mimi ndio nasukia watu hapo. Huyu Fancy kichwa yake imeiva upande moja."

"Upande ya kushoto," Fancy alithibitisha.

"Joto. Kitu inanguruma. Na trei za mayai! Tulikuona ukizibeba, zimekupita urefu. Sasa niambie, mtu na akili zake anafanya nini na mayai, joto na stima?"

Jemutai aliwatazama mmoja mmoja. "Anafanya nini?"

"Vifaranga!" Wangare akapiga makofi mara moja. "Unatotoa vifaranga na tokeni zetu!"

Nusura Jemutai acheke. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akamtafuta Umaima kwa macho, Umaima ambaye angesema kwa maneno machache tu kwamba trei ni zake na hazikuwa na yai hata moja. Umaima alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Ingieni muone," Jemutai akasema.

Wangare ndiye aliyeinama kwanza. Alinusa. Akachungulia.

"Ai. Ni kompyuta."

"Na kuku?" Fancy akauliza.

"Pengine wako chini." Wangare hakuwa tayari kushindwa. "Na ni kompyuta gani inafichwa kwa kabati kama chang'aa?"

"Haijafichwa. Inapiga kelele, nimeinyamazisha. Nasoma, narekodi, natuma Nairobi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kunyamazisha," mzee Obeid alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Sasa sikia, mama. Mimi sikusema ni kuku. Lakini kitu inatoa joto inakula stima. Pasi inatoa joto. Koili inatoa joto. Hii yako inatoa joto mpaka nje. Kama ni hii, itatoka. Ama mtatoka pamoja."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Jemutai. Alimwinua Kemboi kutoka mkekani, akamkumbatia.

"Tupime," mzee akaendelea. "Kila mtu azime kila kitu kwake. Tubaki na hii peke yake. Mimi nasimama kwa mita, naangalia ile taa nyekundu, stima ikiliwa sana inapepesa mbio. Nikiita, unazima."

Fancy akaenda kuchomoa televisheni. Wangare akazima redio. Umaima alirudi kusimama tu kwenye kizingiti chake, hatua chache tu kutoka kwa Jemutai.

"Mimi sina cha kuzima," alisema. "Jiko langu la makaa hilo, mnaliona."

Wote walilitazama jiko nje ya mlango, na sufuria, na kifuniko. Jemutai pia alilitazama. Na kwa mara ya kwanza akaliona: majivu meupe, yaliyopoa, bila cheche hata moja.

"Taa inapepesa mbio, kama macho ya mwizi!" mzee Obeid aliita kutoka mwisho wa koridoo. "Haya, zima!"

Jemutai aliingia ndani, Kemboi kiunoni, akazima. Feni iliteremka, ikateremka, ikakoma. Kabati likaacha kupumua. Kwa muda wa wiki nyingi chumba kile hakikuwa kimenyamaza hivyo mchana, na ndani ya ule ukimya, wazi kama mtu aliyesimama nyuma yake, alilisikia. Kunguruma. Kunyamaza. Kunguruma. Maji yalikuwa yanatokota upande wa pili wa ukuta, na ndani ya maji mayai yakigongana, ko, ko, ko.

Aliuweka mkono ukutani. Haikuwa feni. Haikuwa diski. Ilikuwa koili ya Umaima. Alikuwa ameivua mashine ile nguo zote, akaishuku hadi lastiki.

Kisha mengine yakaja yenyewe, moja baada ya jingine. Chukua zote. Kwangu zinaleta mende. Nani katika plot ile alijua trei ziliishia wapi? Nani aliingia humu na kuona makopo, akauliza joto linakwenda wapi?

Alirudi mlangoni. Umaima alikuwa amemkazia macho. Alijua kwamba amesikika. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika fremu ya mlango kwa nguvu kama anayezuia nyumba isianguke.

"Imezima?" mzee Obeid akaita. "Mbona taa bado inakimbia?"

Neno moja tu. Imezima, mzee, nenda nyumba inayofuata. Jemutai alilihisi neno hilo ulimini. Alimwazia Rumaisa akirudi kutoka shule na kukuta godoro limetolewa nje. Aliziwazia kabeji na ng'ombe wenye kikohozi, msimu mzima. Kemboi alimwona Umaima, akanyoosha mikono kwake kama alivyozoea.

"Bado, mzee!" Jemutai akaita. "Hii huzima polepole."

Umaima alitoweka ndani. Nyuma ya ukuta swichi ikalia, tak.

"Sasa imezima," Jemutai akaita.

"Haa!" Ilikuwa sauti ya Wangare. "Imetulia! Imetulia kabisa! Si nilisema?"

Walirudi wakija kwa kasi, mzee mbele, uso wake umekuwa mzito. "Mama Kemboi, umeona mwenyewe. Hiyo kitu leo..."

"Rudi kwa mita, mzee," Jemutai alisema. Sauti yake ilitetemeka, akaisimamisha jinsi alivyojifunza kuisimamisha mbele ya maikrofoni. "Nataka kuiwasha tena. Kama ni yenyewe, taa itakimbia tena. Simama uangalie."

Mzee Obeid akarudi kwenye mita. Jemutai akabonyeza kitufe, na feni ikapanda, na kabati likavuta pumzi.

Akachungulia koridoo.

"Imewaka?" mzee akauliza.

"Imewaka! Njoo uiguse!"

"Taa inapepesa kiuzee," Fancy akasema kutoka kule. "Pole pole tu. Kama ya mtu anasinzia."

Waliporudi mara hii hawakuwa na haraka. Mzee Obeid aliingia, akaona kioo cha kompyuta kinang'aa, akaweka mkono kwenye kabati. Akatoka, akauweka mkono huo huo kwenye tundu la ukuta.

"Hii si kitu," akasema. "Hii ni pumzi." Kisha akageuka taratibu, akaanza kuitazama milango, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa koridoo. "Lakini kuna kitu ilizima pamoja na hii. Nimeona na macho yangu."

"Usiniangalie mimi, mzee," Wangare akadakia. "Mimi nasuka na vidole."

"Sijasema ni wewe."

"Umeniangalia."

"Naangalia kila mtu. Kuanzia leo nitakuwa naangalia kila mtu."

Waliondoka wakibishana. Fancy aliulizia nusu ya kichwa chake iliyobaki. Milango ikafungwa, na nyuma ya kila pazia, Jemutai alikuwa na hakika, kulikuwa na jicho.

Umaima alikuja baada ya muda mrefu. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwiko, mtandio umefungwa upya, vizuri.

"Nipe mtoto," alisema. "Ukasome."

Jemutai hakumpa mara moja. "Mama Rumaisa, nani aliwaambia mambo ya vifaranga?"

"Watu husema tu." Umaima alitazama pembeni. "Na mvua za juzi... makaa yamelowa yote. Siku hizi wanatuuzia mawe."

"Ni watu gani?"

Umaima alinyoosha mikono. Kemboi tayari alikuwa ameegemea upande wake, mwili mzima, mguu mmoja tu ukiwa bado mkononi mwa mama yake. Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa. Jioni ilikuwa njiani.

Jemutai akauachia mguu.

Alifunga mlango, akaketi mbele ya maikrofoni, akavaa hedifoni. "Karibu mkulima," alisema, akanyamaza kusikiliza. Hakuna aliyesukutua kinywa nyuma ya viazi. Kulikuwa na kitu kipya tu, kikavu, cha haraka haraka, paf, paf, paf.

Akavua hedifoni, akaenda dirishani. Umaima alikuwa amechutama nje mbele ya jiko, Kemboi mgongoni, akipepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Moshi ulikuwa mwingi, moto hakuna. Alipuliza, akapepea, akapuliza, na kila alipoinama, kichwa kidogo cha mtoto kilishuka naye ndani ya moshi, kikapotea, kikaibuka tena.

Jemutai alisimama pale, mkono kwenye pazia, akingoja moto ushike.